Bomba la Moshi Lililogeuka Buluu

Leo sitawapa pointi tatu. Najua mmezoea, na najua akina mama wa mstari wa pili tayari wameandika moja, mbili, tatu kwenye daftari, wanasubiri nijaze. Futeni. Leo nina bomba la moshi tu, ile ekzosi ya gari, na mkitoka hapa mmelielewa bomba hilo moja nitamshukuru Mungu.

Alikuwepo fundi wa mabomba ya moshi katika mji mmoja uliozungukwa na mashamba ya mkonge. Msiniulize mji gani. Nikisema Korogwe, kuna watu humu watatoka wakisema mchungaji kamsema fulani. Huyu fundi alikuwa hodari kweli. Gari linapita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa chai, anakwambia bomba lake limetoboka wapi. Na alikuwa na kipimo chake. Mfukoni alitembea na sumaku aliyoing'oa kwenye spika kuukuu. Ukimpelekea bomba la mtumba, kwanza anagusisha sumaku. Ikishika vizuri anaguna, maana yake amekubali. Kisha analipima mkononi. Likiwa zito anasema hii ndiyo mali. Miaka thelathini alipima hivyo, na kwa chuma tulichokizoea hakukosea hata siku moja.

Sasa, kulikuwa na dada mmoja, dereva wa mashindano ya magari. Ndiyo, dada. Mzee Shekalaghe, naona umekunja uso, lakini huu mfano ni wangu, wewe wa kwako utatuhubiria siku yako. Huyu dada miaka miwili nyuma gari lake lilipinduka katikati ya mashindano likashika moto. Walimtoa mzima, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeungua kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka begani. Alilala hospitali miezi saba. Aliporudi nyumbani watu wakamwonea huruma, ile huruma mbaya, mnaijua, ya kumsalimia mtu huku unaangalia ukuta. Wakaanza kumsema kama mtu aliyekwisha kupita: alikuwa dereva mzuri sana yule. Na mwenyewe amesimama hapohapo anasikia.

Ukoo ukakaa kikao. Baba yake mdogo ndiye aliyeleta uamuzi. "Mwanangu," akamwambia, "tumekubaliana ujaribu mara moja tu. Ukimaliza mashindano haya yanayokuja gari likitembea lenyewe, endelea na kazi yako, hatutakusumbua tena. Ukirudi umevutwa kwa kamba, gari linauzwa, na wewe unakwenda kukaa dukani na shangazi yako."

"Nimesikia, baba," akasema.

Hakubishana. Na nyinyi mjue kwamba kuanzia siku hiyo kombe halikuwa kichwani mwake kabisa. Alichotaka ni kufika mwisho, basi. Akishindwa kufika, ile kazi aliyoipenda tangu ana akili zake imekwisha, na atakuwa anapima sukari ya robo kilo mpaka azeeke.

Alikuwa na rafiki yake, mwanamke mwenzake, aliyestaafu mashindano. Yule rafiki akamwambia, mimi sina cha kukupa, lakini chukua bomba langu la moshi. Ni la titani. Hapa nisimame kidogo, maana naona macho yanauliza. Titani ni madini, kama chuma, lakini si chuma. Mama Shemhilu anaijua. Mama, si ndiyo aliyokuwekea daktari kwenye nyonga? Anaitikia. Mnaona anavyopanda ngazi za kanisa siku hizi, anatupita sisi wenye nyonga za kuzaliwa. Daktari anaiweka mwilini mwa mtu kwa sababu haioti kutu. Hata ukiitia kwenye maji ya chumvi, haina habari. Tena ni nyepesi. Bomba la chuma la kukuvunja mgongo, la titani la ukubwa uleule unalibeba kwapani ukienda sokoni. Na moto inaubeba vizuri mno.

Dada akalipeleka bomba kwa fundi wetu alifunge. Fundi akatoa sumaku yake mfukoni. Sumaku ikateleza, ikaanguka chini. Akaiokota, akajaribu upande wa pili, ikaanguka tena. Akalipima mkononi.

"Mwanangu, nani kakuuzia hili kopo?"

"Nimepewa, fundi. Ni titani."

"Titani," akasema fundi, kwa sauti ile ya mtu anayesikia mtoto anasimulia ndoto. Lakini kwa kuwa alimpenda yule dada na alimjua tangu yuko darasa la tatu, akalifunga.

Siku ya Alhamisi dada akalichukua gari kulijaribu. Akalipeleka mashambani, akalikimbiza saa nzima kwenye barabara za mkonge, akalirudisha gereji likiwa linatoa mvuke, akaenda zake nyumbani. Fundi akainama kuangalia kazi yake. Akaona nini? Lile bomba lililoingia gereji likiwa la kijivu kinachong'aa, sasa limegeuka. Karibu na injini limekuwa buluu ya wino. Mbele kidogo zambarau. Kisha rangi ya dhahabu, kisha kahawia kama chai ya maziwa. Fundi akashika kiuno.

"Limeungua," akasema. "Nilijua."

Sasa mjue, kesho yake, Ijumaa, magari yote yalikuwa yanapelekwa uwanja wa mpira kwa maonyesho. Mji mzima unakuja. Watu wanainama chini ya magari, wanapiga picha, wanauliza hili kafunga nani. Fundi akajiona amesimama pale na bomba lililoungua, na mafundi wenzake wanacheka pembeni. Na tena dada mwenyewe ameungua. Mji utasema mwenye gari kaungua, gari nalo limeungua. Ndugu zangu, nawauliza, fundi huyu alikuwa mtu mbaya? Hakuwa mbaya. Alikuwa anaona aibu, na aibu ya mtu anayekupenda inaweza kukuumiza kuliko dharau ya adui.

Alichofanya ni hiki. Akafungua lile bomba la titani, akaliegesha nyuma ya mlango. Akaenda kwenye rundo lake akachagua bomba la chuma la mtumba, zito, sumaku inashika mpaka unaing'oa kwa nguvu. Nje lilikuwa na kutu kidogo. Akalisugua kwa msasa, akalipulizia rangi ya silva, likang'aa. Akalifunga. Akalala usingizi mzuri.

Na hapa nina neno na sisi, kabla sijaendelea. Hivi mnajua bomba la chuma linaliwa kutoka wapi? Mnadhani kutoka nje, kwa matope na mvua. Fundi yeyote atawaambia kwamba sehemu kubwa linaliwa kutoka ndani. Injini ikichoma mafuta inatoa moshi na maji, na maji yale yanakaa ndani ya bomba, yanalila polepole, gizani, wakati nje unapuliza silva. Unaweza kuendesha bomba lililooza mwaka mzima, majirani wanalisifia. Basi, nimesema, naendelea.

Ijumaa asubuhi dada akafika kuchukua gari. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone jinsi nilivyokupendezesha."

Akainama, akaona silva. Alipoinuka hakuwa na hasira usoni, na fundi baadaye alisema angependa sana kama angekuwa na hasira.

"Bomba langu liko wapi?"

"Limeungua, mwanangu. Nimeliweka nyuma ya mlango. Ukilitaka sana, ngoja nilisugue kwa msasa, hiyo rangi itoke, lirudi kama lilivyokuwa. Nusu saa tu. Nitakufungia watu wasijue."

Dada alikuwa amevaa shati la mikono mirefu siku ile kama kila siku. Akafungua kifungo cha mkono wa kulia. Akaanza kukunja, polepole, mpaka kwenye kiwiko, mpaka juu ya kiwiko. Fundi alikuwa hajawahi kuuona ule mkono. Ngozi imevutika, kuna sehemu nyekundu, sehemu nyeupe, sehemu nyeusi kabisa. Dada akaunyoosha mbele yake.

"Basi anza na huu," akasema. "Chukua msasa wako, fundi. Nusu saa tu. Usugue mpaka urudi kama ulivyokuwa, ili watu wasijue."

Fundi alikuwa ameshika msasa kweli, na hakujua auweke wapi.

"Mimi sikusema hivyo," akasema.

"Najua hukusema. Lakini ndivyo ulivyofanya. Baba, lile bomba halijaungua. Titani ikipata moto inajifunga utando mwembamba, na huo utando ndio unaoleta rangi. Ndio huohuo unaoizuia isiliwe. Ukisugua, utaondoa rangi, halafu nikiwasha gari itarudi. Sasa utasugua mara ngapi?"

Fundi akaweka msasa chini. Akachukua jeki mwenyewe, hakumtuma mtu. Akalala chali chini ya gari, akafungua nati alizozifunga jana, na wale waliokuwepo wanasema alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye grisi, mpaka alipotoka uso wake ulikuwa wa kuchekesha. Akalirudisha bomba la titani. Gari likaenda uwanjani na buluu yake na zambarau yake, na dada akasimama pembeni ya gari, shati limekunjwa mkono wa kulia.

Je, watu walicheka? Walicheka. Wapo waliocheka, msije mkadhani ukijitokeza mara moja mji unakupigia makofi. Wapo waliouliza kwa sauti kama dereva na bomba walitoka kwenye tanuri moja. Dada akajibu, "Ni kama hivyo." Fundi alisimama palepale nyuma ya gari, mikono kifuani, na kila aliyeuliza nani kafunga bomba hili alijibiwa, "Mimi."

Sasa lile bomba la silva lilikwenda wapi? Jioni ileile bingwa wa mwaka uliopita, katika kulijaribu gari lake, aligonga jiwe akapasua bomba. Gari lake na la dada ni aina moja. Akaja mbio kwa fundi. Fundi akamwambia kweli yote: hili ni la mtumba, nje nimelipaka, ndani sijui. Bingwa akaligonga kwa kidole, akaliona linavyong'aa, akasema funga hilohilo.

Jumamosi magari kumi na nane yakaondoka. Nisiwachoshe na kila kona. Niwaambie kipande cha mwisho. Pale njia inavuka reli za zamani za mkonge, gari linarushwa linadunda, kisha unatumbukia kwenye kijito, maji baridi yanapiga bomba lililowaka moto, kisha papo hapo unaanza kupanda mlima wenye matope. Hapo ndipo mashindano yote yalipokuwa. Bingwa alikuwa mbele, dada anamfuata dakika mbili nyuma. Bingwa akaruka reli, akaingia kijitoni, na maji yalipopiga, lile bomba likakatika katikati, pale lilipokuwa limeliwa kutoka ndani. Likaanguka, likajichomeka ardhini, likang'oa waya wa breki. Silva ilikuwa bado inang'aa. Bingwa akasimama kando, mzima, ametoa kofia.

Dada akaja. Wakulima wa mkonge waliokuwa wamepanga mstari kule juu waliliona gari likiruka reli. Likadunda. Likaingia kijitoni na mvuke ukapanda mpaka hawakuliona tena. Kisha mvuke ukapasuka na gari likatoka ndani yake likiunguruma, jepesi, linaushika mlima ule wa matope kana kwamba kuna mtu anaivuta pua yake kutoka juu. Wakulima wakatupa kofia. Wanawake waliokuwa wanauza ndizi wakapiga vigelegele mpaka mlimani kukaitika. Alipita kileleni bila kutelezesha gurudumu hata moja.

Alimaliza. Siyo kumaliza tu, alimaliza wa kwanza. Mtu ambaye mji ulikuwa unamsema kama aliyekwisha kupita alikata kamba mbele ya watu kumi na saba wanaosemwa kama walio hai. Baba mdogo, mzee wa heshima, mwenye kikao, alikimbia uwanjani na kiatu kimoja, kingine hakijulikani kilibaki wapi, na akawa anampigia kelele kila mtu aliyemkuta: "Gari haliuzwi. Nani alisema linauzwa? Nitajieni huyo mtu." Watu wakambeba dada mabegani, na ule mkono wa kulia ukawa juu kuliko kichwa chake, unaonekana na mji mzima.

Halafu wakaenda kuangalia bomba. Rangi zilikuwa zimekolea maradufu. Mtu wa redio akamsogezea fundi kipaza sauti, akamuuliza, "Fundi, hili bomba umelipaka rangi gani? Kila mtu anaitaka."

Fundi akasema, "Sikulipaka. Moto ndio umelipaka. Mimi nililificha nyuma ya mlango."

Hapo mfano wangu umekwisha. Lakini msifunge madaftari, maana sasa ndiyo naanza na sisi.

Baada ya ibada hii, kama mlivyotangaziwa, tunapigwa picha ya kalenda ya usharika. Ndiyo maana leo kila mtu kanyoosha nguo. Kamati imepanga mistari. Karatasi yenyewe ninayo hapa mkononi. Imeandikwa vizuri sana, kwa wino wa kalamu nzuri: mstari wa mbele, wenye mwonekano mzuri. Na chini yake kuna orodha ya watu kumi na mmoja watakaokaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ambapo kamera haifiki vizuri. Majina siyasomi. Ila mmoja anatembea kwa magongo. Mmoja alitoka hospitali ya wagonjwa wa akili mwezi wa tatu, na Jumapili iliyofuata alikuwa hapa ndani anaimba. Mmoja ameacha pombe, mikono bado inamtetemeka, na hajakosa ibada hata moja kwa miezi kumi na minne. Ni nani humu kati yetu wenye mwonekano mzuri anayeweza kusema hivyo?

Mnataka kujua sahihi ya chini ya karatasi hii ni ya nani? Ni yangu. Niliisaini Jumanne, nimesimama mlangoni, nina haraka. Sikuisoma. Na hata kama ningeisoma, ndugu zangu, nisiwadanganye, pengine ningesaini vilevile. Nimekuwa fundi wa silva miaka mingi. Sote tumekuwa. Mtu akipita motoni akatoka, sisi tunamwendea na msasa. Tunamwambia usiseme mambo yale, vaa mikono mirefu, kaa kwanza nyuma mpaka upoe.

Sisemi moto ni mzuri. Yule dada angekupa gari, bomba na kombe ukimrudishia mkono wake wa zamani. Kuungua ni kuungua, na kuna aliyelia usiku wa jana humu ndani. Ninachosema ni kwamba wapo waliopita pale ambapo mimi na wewe tungekatika katikati, na wametoka wanapanda mlima, na sisi tunawaonea aibu kwa sababu ya rangi. Bwana wetu mwenyewe siku aliyofufuka, na uwezo wote aliokuwa nao, hakuzifuta alama za misumari. Alikuja nazo. Akawaonyesha rafiki zake. Je, sisi ni wasafi kuliko yeye?

Karatasi hii naichana. Mmesikia inavyochanika. Mpiga picha, panga mashine yako upya.

Ninyi kumi na mmoja mnajijua. Na wengine ambao hamkuandikwa kwa sababu mmejificha vizuri zaidi, nanyi mnajijua. Kwaya, nataka wimbo wa ushindi, ule wa ngoma, na uimbwe kama watu walioshinda kweli, maana humu ndani wamo. Sisi wa silva tunahamia nyuma, karibu na mlango. Wazee wa kanisa, inukeni, nami nashuka mimbarini niwatangulie.

Mstari wa mbele uko wazi. Piteni mkae.